Mnyama Mdogo Anayekuambia Uko Kwenye Maji Gani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mchana hapa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, mbele ya wanafunzi, walimu wa sayansi, wavuvi na wazazi. Mvua iliwazuia wengi kufika, ndiyo maana naiweka yote hapa. Picha za ukutani nimeziacha. Palipohitajika nimeeleza kwa maneno.

Wakubwa wangu, wamama na wababa, walimu wenzangu, vijana: jambo yenu sana. Aksanti kwa kuja katika mvua hii.

Naomba tuanze na hii chupa. Ipitisheni mkono kwa mkono, taratibu, kifuniko kisifunguliwe kwa sababu ndani mna formalini, dawa ya kuhifadhi wanyama waliokufa. Mnaona nini? Mama pale mbele anasema: maji na vipande vya uzi mweupe. Sawa kabisa. Sasa nikuambieni, mama, huo uzi mweupe ulipokuwa hai usingeuona. Dawa ndiyo iliyoufanya uwe mweupe. Katika bahari ulikuwa kama kioo ndani ya maji.

Niliupata Unguja, nilipokwenda kwa mafunzo ya majuma mawili. Asubuhi moja tulivuta wavu wa matundu madogo sana nyuma ya mashua, kwa dakika kumi, kisha tukamimina kilichobaki kwenye sahani ya kioo. Nikainama. Niliona nukta nyingi zikirukaruka. Hao ni kopepodi, jamaa wadogo wa kamba, wakubwa wao kama punje ya mchele iliyovunjika vipande vitatu. Nikachagua nukta moja nikaifuata kwa macho. Inaruka, inatulia, inaruka. Halafu ikasimama. Haikusimama kama iliyochoka. Ilisimama katikati ya maji kana kwamba imeshikwa. Ikaanza kusogea, lakini kwa njia nyingine, polepole, kwa mstari ulionyooka. Nilihitaji muda kuelewa kwamba sikuwa naiona tena nukta inayoogelea. Nilikuwa naona chakula ndani ya tumbo la mnyama nisiyemwona.

Huyo ndiye mnyoo mshale.

Jina la kundi lake kwa wanasayansi ni Chaetognatha, maneno mawili ya Kigiriki: nywele, na taya. Msidanganywe na neno mnyoo. Si ndugu wa minyoo ya tumbo, wala wa nyungunyungu wa shambani. Mwili wake umenyooka kama mshale, una mapezi pembeni na pezi la mkia, na kichwani pande zote mbili kuna ndoano ngumu zilizopinda. Anapoogelea ndoano hizo amezifunika kwa ngozi, mfano wa kofia ya koti la mvua. Anaposhambulia, kofia inarudi nyuma na ndoano zinafunguka kwa ghafula. Wengi ni wa sentimita moja au mbili. Wadogo kabisa ni wa milimita mbili, na wakubwa wa bahari za baridi wanafika sentimita kumi na zaidi.

Macho yake hayamsaidii sana kuwinda. Anasikia mtikisiko wa maji. Mwaka wa 1967 watafiti wawili, Horridge na Boulton, waliutikisa uzi mwembamba karibu na mnyama wa kundi hili, na mnyama akaurukia uzi kama kwamba ni chakula. Kopepodi anapotikisa miguu yake karibu naye, milimita chache tu, amekwisha jitangaza. Na baadhi ya minyoo mishale wana sumu ile ile ya samaki bunju, ambayo inazima misuli. Ndiyo maana ile nukta yangu ilisimama.

Aina zake zinazojulikana ni kama 130, na zote ni za bahari. Nasema tena: zote. Hakuna hata mmoja wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya ziwa. Mzee mmoja wa Uvira ameniuliza pale mlangoni: mbona Tanganyika tuna konyeza, mnyama wa baharini, kwa nini mshale asiwepo? Swali zuri sana, mzee. Konyeza wa Tanganyika yupo kweli, jina lake Limnocnida tanganicae, na mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza J. E. S. Moore alimtumia yeye na konokono wa ziwa lile kusema kwamba Tanganyika ilikuwa mkono wa bahari ya kale. Utafiti uliofuata ukaonyesha sivyo. Konyeza wachache wameweza kuzoea maji yasiyo na chumvi. Mnyoo mshale hajaweza, popote duniani.

Basi mtaniuliza: mwalimu, umetuita hapa juu ya mlima, mita karibu 1,460 juu ya bahari, utuhubirie mnyama ambaye hayumo ziwani mwetu? Ndiyo. Nina sababu, na nitazieleza kwa hadithi.

Mtu wa kwanza kumchora ni Mholanzi, Martinus Slabber, katika karne ya 18. Yeye ndiye aliyempa jina Sagitta, yaani mshale. Charles Darwin naye aliwavua akiwa safarini kwenye meli ya Beagle, na mwaka wa 1844 akaandika makala juu yao. Fikirini, Darwin huyu ambaye alikuja kutufundisha ukoo wa viumbe. Alikiri kwamba ukoo wa mnyama huyu ni giza kwake. Giza hilo lilikaa miaka mingi. Mayai yao yanakua kwa namna iliyowafanya wataalamu wawaweke karibu na sisi wenye uti wa mgongo. Wengine wakawaweka na minyoo ya duara. Wengine wakawaacha peke yao. Mwaka wa 2019, kwa kusoma vinasaba, ikaonekana kwamba wanakaa katika kundi moja na wanyama wadogo wanaoitwa rotifera, ambao nao wana taya ngumu ndani ya koo. Na mwaka wa 2024 yakatangazwa mawe ya Greenland, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, yenye alama za mnyama wa ukoo huu aliyefika sentimita 30. Wakati huo samaki wakubwa hawakuwepo. Yeye alikuwa simba wa maji yale.

Sasa sikilizeni. Rotifera ni nani? Chukua maji ya Ziwa Kivu, yachuje kwa kitambaa kizito, weka tone moja chini ya hadubini. Utaona kitu kidogo chenye gurudumu la vinyweleo kichwani, kinazungusha maji kuelekea mdomoni. Ndiye huyo. Rotifera wa Kivu wamehesabiwa na watafiti wa hapa hapa Bukavu. Kwa hiyo mnyoo mshale hayumo ziwani mwetu, lakini binamu yake yumo, na mmekwisha kumnywa mara nyingi.

Hadithi ya pili inatoka Plymouth, mji wa bandari kusini magharibi mwa Uingereza. Hii ndiyo hadithi iliyonifanya nipende kazi hii, mniwie radhi nikikaa hapo kidogo.

Wavuvi wa Plymouth walikuwa wakiishi kwa heringi, samaki wa majira ya baridi. Pale mjini kuna maabara ya bahari, na ndani yake alikuwemo Frederick Russell. Kazi yake ilikuwa kuvuta wavu sehemu zile zile, mwaka baada ya mwaka, kisha kuketi na kuhesabu. Katika wavu wake kulikuwa na minyoo mishale wa aina mbili, elegans na setosa. Kwa macho ya mgeni ni sawasawa. Ukiwa na hadubini unaangalia vitu vidogo, kwa mfano mifuko ya mbegu kwenye mkia, umbo lake na mahali ilipokaa. Wanyama hawa kila mmoja ni dume na jike pamoja, mayai kiwiliwilini, mbegu mkiani.

Russell akagundua kwamba kila aina ina maji yake. Elegans alikuja na maji yaliyochanganyika na ya Atlantiki, maji yenye rutuba. Setosa alikaa katika maji ya mlangobahari wenyewe, ule ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, yaliyo maskini zaidi. Kwa jicho, bahari ni ile ile, rangi ile ile. Kwa wavu, ni bahari mbili.

Miaka ya 1920 mbele ya Plymouth alikuwa elegans. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 elegans akaondoka, setosa akachukua nafasi yake. Wenzake waliokuwa wakipima fosfati ya majira ya baridi, ambayo ni mbolea ya bahari, wakaona imepungua. Watoto wa samaki ndani ya wavu wakapungua. Na heringi? Uvuvi wa heringi wa Plymouth ukafa katika miaka hiyo hiyo.

Wavuvi mliopo hapa, naomba tuelewane. Mnyoo mshale hakuwafukuza heringi. Maji ndiyo yaliyobadilika, na kila kilichomo kikabadilika nayo: mbolea, vijimea, kopepodi, mshale, samaki. Lakini samaki anaweza kukosekana leo kwa sababu ya upepo, au mwezi, au wavu mbovu, na mwenye mtumbwi atasema kesho Mungu akipenda. Mshale hakuwa na visingizio hivyo. Alikuwepo au hakuwepo. Na Russell aliweza kuuona mgeuko huo kwa sababu moja tu: alikuwa amehesabu kabla. Angeanza kuhesabu mwaka wa 1935, angemkuta setosa na kudhani ndiye mwenyeji wa tangu zamani.

Elegans alirudi. Mnajua alirudi lini? Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Miaka karibu 40. Na kulikuwa na watu wa kumwandika aliporudi, kwa sababu maabara ile haikuacha kuvuta wavu, isipokuwa vita ilipoizuia.

Kutoka hapo watu wamezunguka bahari nyingi na wavu wa namna ile, na nitazipita haraka. Bahari ya Baltiki: kadiri chumvi inavyopungua kuelekea ndani, ndivyo mishale wanavyokwisha. Bahari ya Shamu: mlango wake wa kusini, Bab-el-Mandeb, una kizingiti chenye kina cha mita kama 137, na ndani yake hata vilindi vina joto la nyuzi 21 hivi. Kwa hiyo aina za vilindi vya baridi, ambazo ziko kwa wingi katika Bahari ya Hindi nje ya mlango, haziwezi kuingia na kuishi. Anayetawala juu, katika maji ya joto, ni Flaccisagitta enflata, mlaini, amevimba kidogo kama jina lake linavyosema. Na huyo utamkuta pia Mombasa, Unguja, hadi mbali sana.

Kuna mmoja ambaye sitampita haraka: Eukrohnia hamata. Huyu anaishi bahari za ncha ya kaskazini, na anaishi bahari za ncha ya kusini, karibu na uso wa maji. Je, alivukaje katikati, penye joto letu la ikweta? Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Alipita chini. Ukiteremsha wavu katika bahari za joto hadi mamia ya mita, kwenye maji ya baridi, unamkuta huko, katika giza. Ramani ya uso wa bahari ingekuambia ni makabila mawili yaliyotengana. Ramani ya kina inakuambia ni barabara moja, na sisi wa ikweta tumekaa juu yake.

Sasa Bahari Nyeusi. Hapa wana wa Kivu naomba mtege masikio, kwa sababu bahari ile ina jambo moja linalofanana na ziwa letu.

Bahari Nyeusi ina uhai juu tu. Chini ya mita 150 au 200 hakuna hewa ya oksijeni, kuna gesi inayonuka kama yai bovu. Na Kivu? Kivu kina kina cha mita 485, lakini oksijeni inaishia mita 60 au 70 hivi, hata pungufu majira mengine. Chini yake kuna metani na kaboni dioksidi tunazozisikia kila siku. Kwa hiyo Kivu ni ziwa refu lenye nyumba fupi. Viumbe wote wa majini wanabanana katika ghorofa ya juu.

Katika Bahari Nyeusi chumvi ni nusu ya ile ya bahari kuu, na mnyoo mshale aliyeizoea sana ni yule yule setosa wa Plymouth. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaingia mgeni, mnyama mlaini wa kioo anayefanana na konyeza, Mnemiopsis leidyi. Aliletwa kutoka pwani za Amerika ndani ya maji ya kusawazishia meli. Hakuna aliyemtuma. Kufikia 1989 alikuwa amejaa kila mahali, anakula kopepodi, anakula mayai ya samaki. Kopepodi wakapungua vibaya, setosa akawa haba sana kwenye nyavu, na dagaa wa anchovi ambao Waturuki na majirani zao waliwategemea wakaporomoka. Hali ilianza kupona baada ya mgeni mwingine, Beroe ovata, kufika katika miaka ya 1990 na kuanza kumla huyo wa kwanza.

Na sisi? Sisi mgeni wetu tulimleta kwa mikono. Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Mwaka wa 1959 hivi, chini ya utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya ndagala vilichukuliwa kutoka Tanganyika vikamwagwa Kivu. Vilikuwa vya aina mbili. Ikaishi moja, Limnothrissa miodon. Ndiye sambaza wa sahani zenu. Mimi sitamsema vibaya sambaza. Nimelelewa naye. Karo yangu ya shule imetoka katika beseni la sambaza soko la Kadutu, mama yangu amekaa nyuma yake. Lakini sambaza anakula zuplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini, na kabla yake hapakuwa na samaki wa kuwala katikati ya ziwa. Alipozaana, zuplanktoni ikapungua sana, na Daphnia, yule mkubwa mnono aliyekuwa akichuja vijimea, akatoweka.

Tumejuaje? Hapa ndipo ninapotaka kufika tangu nianze. Tumejua kwa sababu kati ya 1952 na 1954, kabla ya sambaza, kulikuwa na msafara wa utafiti katika maziwa Kivu, Edouard na Albert, na mtu mmoja aitwaye Verbeke alihesabu wanyama hawa wadogo. Kama asingehesabu, leo tungesema ziwa limekuwa hivi siku zote. Baadaye watafiti wa Bukavu wakavuta wavu wao, mwezi kwa mwezi, wakatuonyesha nani wamebaki: kopepodi kama Thermocyclops na Mesocyclops, na wale rotifera, binamu wa mshale. Hiyo ni kazi kubwa, na ilifanywa na watu mnaopishana nao barabarani.

Ngoja niwaambie jambo moja zaidi kuhusu njia ya maji, vijana watalipenda. Pale Ruzizi inapotoka ziwani, kando ya mji huu, maji yetu yanaanza safari. Yanaingia Tanganyika, ambako mengi yanakuwa mvuke. Yanayobaki yanatoka kwa Lukuga, yanaingia Lualaba, yanakuwa Mto Kongo, yanapita Kisangani, yanapita Kinshasa, yanamwagika Banana katika Atlantiki. Nchi yetu kubwa hivi ina ufuko wa bahari usiofika hata kilomita 40, na mto unaumwagia maji baridi mengi hivi kwamba uso wa bahari unabadilika rangi mbali sana kutoka nchi kavu. Katika pwani hiyo ya magharibi ya Afrika anajulikana mshale mmoja wa maji ya karibu na nchi kavu, Sagitta friderici. Kwa hiyo tone lililopita chini ya daraja la Ruzizi, likijaliwa, linakutana na mnyoo mshale. Sisi tuko mwanzo wa barabara yake.

Na nani anahesabu pale Moanda, kwenye pwani yetu hiyo? Nani anahesabu hapa? Nyavu za kuchuja zilikuwepo katika labo nilikosomea. Siku nilipokwenda kuazima hadubini ya shule moja mwaka jana, niliikuta imefungiwa kabatini, lenzi zimeota ukungu kama mkate, na daftari la vipimo limeishia ukurasa wa sita. Nililia, siwafichi. Wala si kwa ajili ya kioo, kioo kinasafishwa. Zile kurasa ambazo hazikuandikwa hakuna fedha itakayozinunua. Jumanne ya juma lile haitarudi tuichukulie maji.

Wavuvi, ninyi mnakwenda ziwani kila usiku usio na mbalamwezi. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, taa zinawaka, mnaimba. Mko juu ya maji wakati ambapo viumbe hawa wanapanda kutoka chini. Ni mtafiti gani ana bahati hiyo? Mkinipa nafasi ya mtu mmoja na ndoo moja, mara moja kwa juma, mahali pale pale, tutakuwa na kitu ambacho Russell alikuwa nacho.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa ufukweni Nguba. Wavu nimekwisha kushona: mdomo wake ni duara la chuma, kitambaa ni kile cha kuchujia, na mkiani nimefunga chupa ya plastiki iliyokatwa. Kamba ina vifundo kila mita tano, hadi mita 50. Anayekuja alete chupa safi yenye kifuniko na penseli, kwa sababu wino unafutika ukilowa. Daftari nimenunua mwenyewe, la jalada gumu, na ukurasa wa kwanza nimeupiga mistari: tarehe, saa, kina, hali ya upepo, jina la aliyevuta, jina la aliyehesabu. Mistari yote bado ni mitupu. Mama wa pale mbele, nirudishie chupa yangu tafadhali, halafu tuanze maswali.